Mshororo Uliochechemea

Kanzu ilimkaa Léocadie Nabintu kama aliyezaliwa nayo, na hilo ndilo lililomtia shaka.

Alikuwa amesimama safu ya nyuma katika Nyumba ya Umande, ukumbi wa chini wa jengo moja kuukuu la Joubert Park, Joburg, alfajiri moja ya Machi 2019. Mbele yake waumini walikuwa wamekinga viganja kama watu wanaongoja kugawiwa njugu. Kanzu yake, ya kijani kibichi kama za wenzake, alikabidhiwa mlangoni asubuhi hiyohiyo.

Sasa, Léocadie si mwanamke wa kuingia dukani akatoka na nguo iliyomtosha. Mabega yake ni ya mpelelezi aliyevunja milango Bukavu kabla ya kuvuka mipaka, na nyonga zake haziombi radhi kwa mtu. Lakini kanzu hii ilishuka begani, ikauzunguka mlima, ikatua kifundoni bila kugombana na chochote. Hakuna aliyempima kwa futi. Na alijiunga na Nyumba hii Jumatatu iliyopita tu.

Nyumba ilikuwa na fundi mmoja, Mzee Mwadini wa Tanga. Na Mzee Mwadini, kwa maneno ya Nyumba yenyewe, alikuwa amechukuliwa juu na umande, mwili na roho, hii wiki ya tatu.

Léocadie alipenyeza mkono ndani ya kanzu, upande wa moyo. Vidole vikakuta mfuko mdogo wa siri, umeshonwa kwa mkono, saizi ya karatasi ya ukimbizi iliyokunjwa mara nne. Akautoa mkono taratibu, akakinga kiganja kama wengine.

Mbele, Révérien alifumba macho. Huyu ndiye mwanzilishi, Mrundi mwembamba mwenye sauti ya kumuuzia mtu blanketi wakati wa joto. Alisoma, nao wakaitikia:

*Mlezi nifungulie, umande waninyeshea,*
*Baridi isiniue, jua halijatokea,*
*Mkono uninyoshee, mja wako nangojea,*
*Hapa nilipo nikae, usiku ukipotea.*

Mama mmoja wa safu ya mbele alilia kwa sauti. Léocadie aliuma midomo. Aliijua asili ya sala hiyo, maana binti wa fundi alikuwa amemweleza. Lilikuwa shairi la kale la bwana mmoja aliyefungiwa nje na mpenzi wake, mvua inamnyeshea, na kwa mujibu wa beti zilizoachwa, alistahili.

*

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Funga mlango, kisha geuza hii kanzu ndani nje."

Ofisi ya Léocadie ilikuwa Kensington, juu ya duka la nywele za kuunganisha, na harufu ya mafuta ya nywele ilipanda ngazi na kila mteja. Tabia, binti wa fundi, alikuwa msichana wa chuo kule Braamfontein, mrefu, mwenye macho ya mtu asiyelala. Aliigeuza kanzu, akauona mfuko, akaketi bila kukaribishwa.

"Ni wa baba. Hamshonei mtu wa hapa nguo bila kumwekea mfuko wa makaratasi. Anasema Joburg mtu anaweza kusahau suruali, asisahau karatasi."

"Mwengine hawezi kuiga?"

"Kuiga anaweza. Lakini pengine baba mwenyewe aliishona zamani, mama."

"Zamani akaota nyonga zangu? Mwanangu, hata marehemu mume wangu hakuziota. Alishangaa kama wengine."

Tabia alicheka nusu, akakatiza. "Baba mdogo amepiga tena toka Tanga. Anauliza, tusome hitima au tusisome? Nikamwambia asubiri. Akasema, mchele umeshanunuliwa, unaingia fukusi."

"Na Jumapili?"

"Jumapili Nyumba wanakimwaga kikombe chake, maana kila mtu wao ana kikombe rafuni. Ndiyo mazishi yao hayo. Baba mdogo kasema, ikiwa watu waliokuwa naye wamekubali kafa, sisi ni nani tukatae? Jumatatu watu wanakaa matanga. Mimi sijui nilie au nisilie. Nikilia, nitakuwa nimemwua. Nisipolia, nitakuwa mtoto gani?"

Leo ilikuwa Alhamisi. Léocadie hakumpa pole. Pole haijawahi kumrudisha mtu nyumbani. Alikwisha kupita hospitali, vituo vya polisi, kituo cha kuzuia wageni, na vyumba vya maiti, ambako mhudumu mmoja alimzoea akaanza kumsalimu kwa jina. Kote hakukuwa na mzee wa Tanga.

"Nirudishe siku ile. Ulitoka chuoni, ukafungua chumba chenu, jengo lilelile la Nyumba. Nini hakikuwepo?"

"Baba. Miwani yake. Na cherehani. Iliibwa."

"Televisheni?"

"Ilikuwepo."

"Cherehani ya aina gani?"

"Ya kukanyaga, ya chuma. Ya marehemu babu."

Léocadie alitikisa kichwa. "Mwizi wa Joburg anaiacha televisheni, anajitwisha chuma cha babu yako. Huyo si mwizi, huyo ni mrithi."

"Watu wanasema Glody, yule mlinzi wa geti. Waligombana na baba, jengo zima likasikia. Na sasa anavaa kofia ya baba."

"Basi twende tukaone hiyo kofia."

*

Kofia ilikuwepo, kofia ya viua, imekaa kichwani mwa Glody juu ya sare ya ulinzi kama kikombe juu ya gunia. Alikuwa kijana wa Lubumbashi mwenye mikono mikubwa na aibu nyingi. Alipomwona Léocadie anaiangalia, aliivua mwenyewe.

"Mama, mi siko mwizi. Mzee alinipa."

"Kabla ya kugombana au baada?"

"Kati."

"Eleza hiyo kati."

Glody alikohoa, akatazama barabarani. "Kulikuwa na msichana. Mzee akanitungia shairi, nikamtumia kwa simu. Msichana akapenda sana, akaomba ingine. Mzee akakatala, eti sasa anafanya kazi ya sala peke yake. Nikamwambia, papa, umenianzisha safari, unanishusha njiani? Tukapandishiana sauti. Kisha akanipa kofia, eti pole."

"Na msichana?"

"Alipenda shairi kuliko mimi. Eish, mama, aliuliza kama mwenye kutunga ana mke."

Tabia, nyuma yao, alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Léocadie hakucheka. Mtu anayejiaibisha mwenyewe mara nyingi anasema kweli, au ni mwongo hodari sana, na Glody hakuwa hodari wa kitu chochote.

"Siku ile mzee alipotea, cherehani ilipita hapa saa ngapi?"

"Haikupita."

"Haiko ndani ya chumba."

"Mama, hapa kitu kikubwa hakitoki bila karatasi ya msimamizi wa jengo. Wapangaji walikuwa wanahama kimyakimya. Kochi, friji, godoro, yote karatasi. Mwezi jana hata jeneza lilingoja karatasi, na mwenyewe ndani. Na geti hii inafunguka kwa kidole changu ao cha mwenzangu. Cherehani ya mzee tunaijua, ni watu wawili kuibeba. Haikupita."

"Mtu akichukuliwa juu na umande, Glody, anachukuliwa na cherehani?"

Glody alilifikiria swali hilo kwa haki yote. "Biblia yetu haisemi."

Léocadie alirudi nyuma hatua chache, akainua uso. Ghorofa juu ya ghorofa, nguo zimeanikwa kila dirisha, na juu kabisa, ukingoni mwa paa, njiwa wamejipanga kama mashahidi. Cherehani ilikuwa humo. Hilo alikuwa nalo mkononi. Lakini cherehani si mtu. Mwengine angeweza kuikalia, akaiga mfuko, akampima mtu kwa macho. Na kugonga milango yote hakukuwezekana. Kabla hajafika ghorofa ya pili, habari ingekuwa imefika ya mwisho, na kama mzee yumo angehamishwa.

"Sitafuti tena chumba," alimwambia Tabia. "Nataka yeye mwenyewe anyooshe mkono nimwone. Baba yako ana ugonjwa gani?"

"Hana. Mgongo tu."

"Sisemi wa mwili. Kila mtu ana kitu akikiona hawezi kukipita. Mume wangu ilikuwa mchezo wa karata. Yeye je?"

Tabia hakufikiri hata kidogo. "Mshororo mbovu. Harusi ya binamu yangu alimsimamisha mwimbaji katikati, bibi harusi amesimama na shela, mpaka mizani ikae sawa. Mama alimnunia mwezi mzima. Na ukimletea shairi la kumchokoza, lazima alijibu, kwa vina vilevile. Kwao, kulikalia kimya ni kushindwa."

"Basi tunga ubeti. Tunga kama alivyokufundisha."

Msichana aliandika pale pale getini, karatasi imewekwa kwenye meza ya Glody, akihesabu mizani kwa vidole. Léocadie aliusoma, akaichukua kalamu.

"Mistari mitatu safi. Wa nne niachie mimi niuharibu."

"Mama, tafadhali. Mkono wangu unakataa hata kutazama."

"Usitazame. Kuharibu kazi ya watu ni kipaji changu tangu darasa la nne."

*

Révérien alimpokea jioni ile kwenye ukumbi mtupu. Kwenye rafu nyuma yake vikombe vya waumini vilikuwa vimepangwa safu kwa safu, na kimoja kimewekwa peke yake juu ya kitambaa cheupe.

"Dada Léocadie. Kanzu imekupendeza."

"Nimekuja kuuliza hilohilo. Nani alinishonea?"

"Mzee wetu, kabla ya kuondoka. Alikuona katika maono."

"Aliniona mzima? Na huku nyuma?"

"Umande hauna mbele wala nyuma, dada."

"Ungekuwa na nyonga zangu ungejua unayo." Aliketi. "Na sala mpya za kila wiki?"

"Zinakuja. Nalala, naamka, ziko juu ya meza." Révérien aliinama mbele, sasa anauza. "Unajua sisi tunaosha. Shairi la kale linakuja na uchafu wa dunia. Donc, kwa hiyo, penye *mpenzi* tunaweka *Mlezi*. Penye mvinyo, umande. Penye kitanda, mkeka. Linabaki safi. Watu waliokimbia vita, dada, hawana maneno ya kumwambia Mungu. Wengi wamechoka kumwomba kwa maneno yasiyowahi kujibiwa. Tunawapa mengine."

Hilo la mwisho alilisema bila ile sauti ya blanketi, na Léocadie aliliweka kando kwa heshima. Tapeli mbaya zaidi ni yule mwenye neno moja la kweli.

"Basi nami nimeleta langu lioshwe." Akatoa karatasi. "La babu yangu, mtu wa Uvira, ziwani. Alisema watu wa pwani wanajua kuhesabu tu, kutunga hawajui. Alisema pia hakuna mmoja wa Tanga angeweza kuongeza neno hapa."

Révérien alisoma, midomo inacheza, na Léocadie alimtazama machoni. Hakuna kilichomshtua. Mshororo wa nne ulipita mbele yake unachechemea, mguu mmoja mrefu mmoja mfupi, naye hakuuona. Haya basi. Aliyekuwa anaosha mashairi hakuwa yeye.

"Zuri," alisema Révérien. "Tutaona umande utasema nini."

"Nina haraka ya kusikia. Kesho?"

"Umande hauharakishwi," alisema, na tayari alikuwa ameikunja karatasi na kuitia kifuani.

*

Ijumaa alfajiri Tabia alisimama ubavuni kwa Léocadie, amejitanda hadi puani. Révérien alifungua karatasi, akatangaza kwamba usiku umande umejibu, akafumba jicho moja na kusoma kwa lingine.

*Njiwa wangu ameruka, kiota amekiacha,*
*Kinda lake lamtaka, lalia hadi kukicha,*
*Hajui kama kafika, au mwewe kamficha,*

Hapa ndipo Léocadie alipoandika, kwa mkono wake mwenyewe, *Njiwa rudi kwa mwanao, anakungoja kila siku*, maneno yaliyomwagika kama maharage kutoka mfuko uliotoboka.

Révérien alivuta pumzi, akamalizia kwa sauti ya utakatifu:

*Njiwa yupo hajatoka, mwewe hana hata kucha.*

Ukumbi mzima uliitikia. Mara mbili, kama ilivyo desturi yao. Mtu mmoja tu hakuitikia, naye alikuwa ameushika mkono wa Léocadie kiasi cha kuuvunja.

"Nane kwa nane," Tabia alinong'ona. "Vina vimekaa. Mama, hajaosha hata neno. Njiwa kabaki njiwa. Huyu hakuwa anaosha, huyu anajibu."

"Nimesikia. Na huyo pale mbele kasimama akajiita mwewe asiye na kucha, mbele ya watu wote, kwa sauti nzuri kabisa." Léocadie alikinga viganja, uso umetulia. "Sasa tunajua mambo matatu. Yu hai, maana maiti hapokei shairi jioni akalirudisha alfajiri. Yumo ndani, kasema mwenyewe. Na hakuzuiwa, maana hamwogopi huyo mwewe. Kilichobaki ni ngazi."

"Ngazi ipi?"

"Ngojea saa sita."

Mwezi ule umeme ulikuwa unakatwa kwa zamu, na zamu ya Joubert Park ilijulikana na kila mtu mwenye wali jikoni. Ilipofika, wanawake hao wawili walikuwa ghorofa ya juu kabisa, wamekaa kwenye ngazi kwa sababu lifti ilikufa kitambo. Redio, televisheni, mashine za kunyolea, friji, vyote vilikata pumzi kwa pamoja. Jengo likanyamaza mpaka ukasikia mtoto akipiga chafya ghorofa za chini.

Na katika ukimya huo, juu ya vichwa vyao, kitu kikaendelea bila kujali umeme wa mtu. Taka-taka-taka. Kikasimama. Taka-taka-taka.

Tabia aliinuka. "Anakunja pindo. Anasimama kwenye kila kona."

Mlango wa chuma ulitokea kwenye paa. Huko kulikuwa na vile vyumba vidogo vya zamani walimolazwa watumishi wa nyumba, sasa vimegeuzwa stoo. Njiwa waliwapisha wakinung'unika. Mlango wa tatu ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa, na Léocadie aliusukuma kwa kidole.

Mzee Mwadini alikuwa ameketi kwenye cherehani ya baba yake, futi shingoni, miwani puani, kanzu ya kijani magotini. Alimwona kwanza Léocadie, na kabla ya salamu macho yalishuka kwenye pindo lake.

"Imekaa," alisema. "Nilikuona Jumatatu unavuka ua. Nikasema, Alhamdulillahi, hiyo ni yadi nne."

Kisha akamwona aliye nyuma.

"Tabia. Umekuja kabla ya Jumapili? Révérien aliniambia mmekubaliana, nisisumbuliwe mpaka nimalize sala zao."

"Nimekubaliana na nani?"

"Si unaniletea chakula? Wali wa nazi kila siku." Sauti ya mzee ilipungua mwendo. "Nilishangaa, kwa kweli. Safari hii chumvi ilikaa sawa."

"Baba, mimi sijakuna nazi tangu Idi." Tabia alikuwa amesimama kizingitini, hataki kuingia, hataki kutoka. "Huku chini wewe umekufa. Wanasema umande umekuchukua. Jumapili wanamwaga kikombe chako. Tanga wamenunua mchele."

Mzee alivua miwani. Alitazama dirishani, kule ambako kila alfajiri sauti za watu zilimpandia kwa uwazi wa jengo, wakisema maneno yake, na wengine wakilia. Alikuwa amedhani wanayalilia maneno.

"Mimi ni Muislamu," alisema taratibu. "Nawaoshea mashairi kama ninavyowashonea. Ni kazi. Ila... Tabia, hujui ilivyo, kusikiwa na watu wengi kwa pamoja. Nyumbani hata mama yako alikuwa anasinzia."

"Na ule ubeti wa njiwa? Hukumsikia kinda?"

"Nilisikia mtu aliyefundishwa. Mistari mitatu, nikasema huyu kakaa kwa mwalimu. Halafu ule wa nne." Alitikisa kichwa kama aliyekumbuka jino. "Ule wa nne ulinikera, sikuweza kusikia kitu kingine. Nani aliuandika?"

"Babu yangu," alisema Léocadie.

"Mungu amrehemu. Asirudie."

Tabia hakumkumbatia. Alitoa simu, akabonyeza, akangoja, machozi yanamtiririka naye hayafuti. "Baba mdogo. Shikamoo. Msipike. Nasema msipike, ninaye hapa. Ndiyo, mzima. Kanenepa hata." Alisikiliza. "Haamini," alimwambia baba yake. "Anasema wanadamu wa huko wana akili nyingi, anataka kuisikia sauti." Akamnyooshea.

Mzee aliiweka simu sikioni. Kutoka Tanga ilitoka sauti ya mdogo wake, inasema mengi kwa pamoja. Walisikia kwamba watu wamekwisha kualikwa. Walisikia kwamba huyo mdogo mwenyewe, siku hizi za msiba, alikuwa amekesha akamtungia marehemu utenzi wa maombolezo, wa kwanza maishani mwake, na kwamba kijiji kizima kilipousikia kililia. Je, ausome?

"Usome," alisema Mzee Mwadini, na akafumba macho.

Alisikiliza kifo chake chote, kutoka kuzaliwa hadi kaburi lisilokuwepo, mkono mmoja umeshika wa binti yake na mwingine unagonga mizani juu ya chuma cha cherehani. Uso ulikuwa umelowa. Mdogo wake alipomaliza, Léocadie aligeuka kutazama njiwa ili wenyewe wapate nafasi.

"Ahsante, ndugu yangu," alisema mzee, akapangusa pua kwa kanzu ya Nyumba ya Umande. "Ubeti wa tano. Mshororo wa pili unachechemea. Chukua kalamu."